Kesi Iliyovushwa Bahari

Tarehe 3 Februari 1998 ndege ya kijeshi ya Marekani, iliyokuwa mazoezini kutoka kituo cha Aviano, ilikata waya uliobeba behewa la abiria katika mlima wa Cermis, karibu na Cavalese, Italia, mahali watu waendapo kuteleza juu ya theluji. Wote 20 waliokuwamo walikufa. Amri ilikataza kushuka chini ya futi 2,000. Waya ulikatwa chini ya futi 400.

Sisemi rubani alikusudia kuua. Nasema juu ya hukumu. Mkataba wa NATO wa mwaka 1951 huwapa askari wa namna hiyo mahakama ya taifa lao, hivyo Italia ikainyimwa kesi, na wafiwa wakatazama mbali hadi North Carolina. Huko, Machi 1999, rubani aliachiliwa katika mashtaka ya mauaji bila kukusudia. Fidia ililipwa, ni kweli. Lakini nani alitamka kosa mbele yao? Kifungo cha miezi sita kilihusu jambo jingine: kuharibiwa kwa mkanda wa video uliopigwa ndani ya ndege. Mwenzake alikiri baadaye kwamba aliuchoma moto.