Mwanafunzi Aliyenyamaza Huenda Ana la Kusema
Hotuba kwa wakufunzi na wazazi kuhusu mijadala ya darasani na mtandaoni

 

Machi 2020, shule na vyuo vya Kenya vilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalihamia kwenye redio, televisheni na simu. Wanafunzi walirejea madarasani Januari 2021, lakini simu haikuondoka. Leo si ajabu mkufunzi kukutana na wanafunzi ana kwa ana siku mbili, kisha akaendelea nao mtandaoni siku zilizobaki. Kinacholegea ni mjadala. Mkufunzi huuliza, kimya. Huuliza tena, hujibu yule yule wa kila siku. Mwishowe hujijibu mwenyewe na kipindi kimekwisha.

Mara nyingi kosa huanzia kwenye swali. Mkufunzi wa kilimo akiandika kwenye kikundi cha WhatsApp, "Taja faida nne za mashine za kuchuma chai," atapata majibu arobaini yanayofanana, mengine yamenakiliwa pamoja na makosa ya tahajia. Swali hilo halina la kujadiliwa. Lakini akiuliza, "Mashine zikiletwa kwenye shamba lililo karibu nanyi, nani atafaidika na nani atapoteza, na ungependekeza nini?" mambo hubadilika. Darasa moja la Kericho lina mtoto wa mchuma chai, mtoto wa mkulima wa ekari moja, na kijana anayetamani kuendesha mashine hizo hizo. Kila mmoja anajua jambo asilolijua mwenzake.

Swali la namna hiyo lina moto pia. Mei 2023 mashine za kuchuma chai ziliteketezwa wakati wa maandamano hapa Kericho, na wapo wanafunzi ambao karo yao hutoka kwenye kikapu cha majani chai. Kwa hiyo masharti yawekwe mapema: hoja ipingwe, mtu asitukanwe. Tena anayepinga aeleze kwanza alichosema mwenzake, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Sharti hili huchosha siku za mwanzo, lakini hupunguza ugomvi kuliko onyo lolote.

Kisha mkufunzi asubiri. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta kwamba wengi hawafikishi hata sekunde 2. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Mtandaoni sekunde 3 hazitoshi, maana sauti huchelewa na mwanafunzi bado anatafuta mahali pa kuwasha kipaza sauti. Sekunde 10 za kimya humtesa mkufunzi tu.

Kuna kimya kingine ambacho kusubiri hakukiponyi. Simu ni moja na ndugu ni watatu. Bando limeisha. Mvua ya alasiri imeshuka na mtandao bondeni umekatika. Video hula bando kuliko sauti, na sauti kuliko maandishi, kwa hiyo kumlazimisha kila mtu kuwasha kamera ni kumtoza mwanafunzi ada ambayo haimo kwenye karo. Afadhali swali litumwe kwa maandishi siku mbili kabla, na jibu lije kwa maandishi au kwa ujumbe mfupi wa sauti, hata usiku. Anayejieleza vizuri kwa Kipsigis aanze nacho. Hoja ikishasimama, itafsiriwe.

Siku ya ana kwa ana isipotee kwa kusomewa maelezo. Hapo ndipo mkufunzi achukue majibu mawili ya mtandaoni yanayogongana na kuwaita wenyewe wayatetee, baada ya kuwauliza faraghani kama wako tayari. Wengi waliokuwa kimya kwenye simu huzungumza siku hiyo, kwa sababu walikuwa na muda wa kufikiri.

Kwa wazazi ni mambo mawili. Simu ya nyumbani ipangiwe zamu jioni. Na mtoto akimuuliza mama yake alichuma kilo ngapi leo na alilipwaje, huenda hiyo ndiyo kazi aliyopewa chuoni. Ajibiwe.