Tuwaite Wanavyojiita

Msikilizaji, hadi leo wapo watu hapa Malindi ambao wakigombana na Mgiriama humwita Mnyika, yaani mtu wa porini. Ni tusi, na linauma. Johann Ludwig Krapf, aliyeanzisha misheni Rabai mwaka 1846, alilikuta vinywani mwa watu wa pwani akalitia vitabuni. Serikali ya kikoloni nayo ikalishika. Ni katika miaka ya 1940 ndipo wenyewe waliposimama na jina Mijikenda: miji tisa, tangu Wagiriama na Wachonyi hadi Warabai na Wadigo. Mwaka 2008 misitu yao ya kaya iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO kwa jina hilohilo.

Kule kaskazini ya mbali, watu walioitwa Eskimo walikutana Barrow, Alaska, mwaka 1977, wakachagua kuitwa Inuit, maana yake watu. Lakini jirani zao Wayupik hawajiiti hivyo, na hiyo ni haki yao.

Haki hiyo tuwape pia Waata, wapiga mishale hodari wa nchi ya Tsavo. Wengi wetu twawaita Wasanye au Walangulo, majina waliyobandikwa na majirani. Mwalimu anapojaza rejista, chifu anapoandika barua, mtangazaji anaposhika maikrofoni, na aulize kwanza: nyinyi mwajiitaje? Jibu atakalopewa ndilo aliandike, ndilo alitamke.