Hesabu Kabla ya Mtoto

Msikilizaji, mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta 3.4. Wengi husema ni kazi ya vidonge na sindano za kupanga uzazi. Sikatai, ila dawa humsaidia aliyekwisha kuamua, haimpi uamuzi. Mwaka huohuo wa 2022 wastani wa Nairobi ulikuwa 2.5 na wa Mandera 7.7, na nchi ni moja. Tofauti kubwa iko kwenye shule. Binti aliyemaliza kidato cha nne huchelewa kuolewa, na kabla ya kubeba mimba hupiga hesabu ya karo, sare, kodi ya nyumba na mshahara wa dada wa kumwachia mtoto. Tena mama anayeona watoto wakichanjwa surua na kukua hana haja ya kuzaa wa akiba.

Wapo wanaodai wasichana wa siku hizi ni wabinafsi. Lawama hiyo ni rahisi mno. Serikali ya Korea Kusini imemwaga pesa kwa miaka mingi kuwashawishi watu wazae, na bado mwaka 2023 wastani ulishuka hadi 0.72: nyumba ni ghali, saa za kazi ni ndefu, na malezi yamebaki mzigo wa mke. Basi hata mume yumo kwenye hesabu hiyo. Mtoto akishikwa na homa usiku, nani atamwomba bosi ruhusa asubuhi?