NDEGE ZA MIKOANI NA MGONJWA WA RUFAA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya usafiri wa anga. Mimi si rubani. Nilikuwa tabibu mkoani Kigoma, kwa hiyo nitaieleza ndege kama aionavyo mgonjwa.

Wazee mnakumbuka Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivyokufa Februari 1977. Mwezi uliofuata likaundwa Shirika la Ndege Tanzania, na Fokker Friendship zikaendelea kutua mikoani. Baadaye ndege zikachakaa na fedha zikakosekana, hata mwanzoni mwa 2016 shirika likabaki na ndege moja tu, Dash 8 Q300. Septemba mwaka huohuo ziliwasili Q400 mbili mpya, na safari za mikoani zikaanza kurudi.

Miaka ile ya shida nilikuwa nikiandika barua ya rufaa kwenda Ocean Road, mgonjwa akapanda treni, kilometa 1,250 hivi. Yupo mama mmoja nisiyemsahau, mwenye saratani ya mlango wa kizazi, aliyekuwa akitokwa damu kidogo kidogo. Treni ilikwama njiani. Alipofika Dar es Salaam damu ilikuwa imepungua mno, ikabidi aongezwe kwanza ndipo aanze mionzi. Na mionzi yenyewe ni siku tano kwa juma, majuma matano hivi. Pigeni hesabu ya chakula na malazi ya ndugu aliyemsindikiza! (Kwa anayetoka Dodoma sina neno, tangu 2024 anayo treni ya umeme.)

Lakini vijana wa sayansi wasidhani ndege ni dawa ya kila kitu. Hewa ya ndani ya ndege iliyo juu ni nyepesi kuliko hii tunayovuta hapa. Yaweza kuwa kama ya mlima wa mita 2,400. Mwenye upungufu mkubwa wa damu huishiwa nguvu, na yule mama angepaswa kuongezwa damu Kigoma kabla ya kupanda. Mwenye hewa iliyovuja kifuani ni hatari zaidi, maana hewa ile hutanuka na kulibana pafu. Ndiyo sababu mashirika hudai fomu ya daktari. Mgonjwa wa machela naye huchukua nafasi ya viti kadhaa, na nauli hupanda vivyo hivyo.

Kwa maoni yangu, kurudisha njia ni nusu ya kazi. Mgonjwa mwenye miadi ya Jumatatu hafaidiki na ndege ya Jumanne. Tena safari ikifutwa, mfanyabiashara hupoteza siku moja, ila aliyekatiza mionzi humpa uvimbe nafasi ya kukua. Huyo apewe kiti cha kwanza katika ndege inayofuata, na yeye na msindikizaji wake wapunguziwe nauli wakionyesha barua ya rufaa.

Humu ukumbini wamo wahandisi wa ndege, madaktari, na maofisa wa mikoa. Naomba baada ya chakula cha mchana tukutane katika darasa la kwanza kushoto, tuandike barua moja kwa wahusika. Karatasi nimekuja nazo.