Kuhamisha Mkopo wa Nyumba

Riba ya Benki Kuu ya Kenya ilipofika 13% mapema mwaka 2024, waliojenga Mamboleo na Riat, Kisumu, kwa mkopo walikaza mshipi. Kufikia Juni 2025 ilikuwa imeshuka hadi 9.75%. Mwenye mkopo ghali anajiuliza basi, mbona asihamie benki yenye nafuu?

Ugumu uko kwenye faili. Hatimiliki imefungiwa benki ya zamani na haitoki mpaka deni lilipwe. Benki mpya nayo haitoi pesa kabla ya kuhakikishiwa hati. Fundo hilo hufunguliwa na mawakili. Yule wa benki mpya huandika barua ya kujifunga kulipa, ndipo benki ya zamani iachilie hatimiliki pamoja na hati ya kuondoa rehani. Kisha ni ofisi ya ardhi ya Kisumu, kusajili.

Kinachokwamisha wengi ni vitu vidogo: cheti cha kaunti kwamba kiwanja hakidaiwi, au jina la ubatizo lililo kwenye hati lakini halimo kwenye kitambulisho. Na idhini ya mume au mke! Sheria ya Ardhi ya 2012 haikubali nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila hiyo, hata kama hati ina jina moja tu.

Ushuru wa stempu kwa rehani ni 0.1%, yaani shilingi 5,000 kwa mkopo wa milioni 5. Hiyo ni chenji. Zinazouma ni ada za mawakili, pamoja na faini ya kulipa mapema ikiwa mkataba wa kwanza unaitaja.