Kuruti simu ya komite: tuwaze kwanza

Maneno tuliyotoa katika mkutano wa wanachama



Tuliombwa tueleze jambo moja lililoleta maneno mingi katika komite: simu ya sanduku ipelekwe kwa fundi airuti, ao ibaki vile iko? Wanaotaka irutiwe wako na sababu. Simu imejaa, kila asubuhi inaandika kwamba nafasi imekwisha, na mama mwandishi hawezi tena kupiga picha ya bordero. Fundi wa sokoni anasema ataondoa programu zote zilizotoka nayo kiwandani, na simu itakuwa nyepesi kama mpya. Bei yake si kubwa, ndiyo maana wengi wanaona tunachelewa bure.

Kuruti ni nini? Simu nyingi tuko nazo hapa zinatembea na Android, na Android imejengwa juu ya Linux. Ndani yake kuna mtumiaji mmoja anayeitwa root. Huyo ndiye mkubwa wa nyumba: anafungua kila chumba, anafuta anachotaka, hakuna wa kumwuliza. Kiwanda kinapouza simu hakikupi ufunguo wake. Kila programu inafungiwa katika chumba chake, na ndiyo sababu mchezo aliouweka mtoto hauwezi kuingia kusoma mambo ya programu ya pesa. Kuruti ni kujitwalia ule ufunguo wa mkubwa. Leo wengi wanatumia Magisk, programu iliyotoka mwaka 2016, lakini mbele ya hapo inapashwa kufungua kufuli la mwanzo, lile linalohakikisha simu inapowaka kama mfumo ni ule wa kiwanda.

Hatusemi ni wizi. Kuna watu wanaofanya hivyo kwa akili: simu ya zamani ambayo kiwanda kimeitupa, wanafungua kufuli, wanaiwekea mfumo mwingine kama LineageOS, nayo inaishi miaka mingine. Na kiwanda si malaika. Mwaka 2019 Google yenyewe ilieleza namna programu ya wizi inayoitwa Triada iliingizwa ndani ya mfumo wa simu fulani kabla hazijafika mkononi mwa mnunuzi. Mtu akisema anataka kuwa bwana wa simu aliyoinunua kwa jasho lake, tunamwelewa kabisa.

Lakini hii si simu ya mtu mmoja. Ndani yake kuna daftari la sanduku, picha za bordero, na majina ya familia zote: nani amerudi, anakaa kijiji gani, alipokea nini, ndugu zake gani wamebaki Nyarugusu. Katika hii eneo yetu hamhitaji tuwaambie orodha kama hiyo ikipotea njia inaweza kufika wapi.

Tuseme basi fundi amefungua kufuli. Jambo la kwanza simu itakalofanya ni kufuta kila kitu kilichomo, na imetengenezwa hivyo makusudi, ili mwizi asifungue na kusoma. Akimaliza, ule ufunguo wa mkubwa nani anaushika? Sisi tutaona simu inawaka tu. Programu gani ameipa ruhusa ya kuingia vyumba vyote, hatutaona. Tena simu hii haina stima nyumbani. Inalala kwa wale wanaoshariji na sola, pamoja na simu ishirini za wengine. Kufuli la mwanzo likiwa wazi, mwenye kebo na kompyuta anaweza kubadilisha mfumo wake bila ninyi kujua. Pesa kwa namba za nyota zitaendelea kutumwa, ndiyo, lakini programu nyingi za benki na za pesa zinapima simu, na zikikuta imerutiwa zinaweza kukataa kufunguka.

Na kitu ambacho fundi hakusema: programu za kiwanda zinakaa katika sehemu yake ya pekee. Ukizifuta, nafasi hiyo kwa kawaida haihamii upande wa picha zenu! Kinachoweza kurudisha nafasi ni kuondoa nyongeza zake na kuzizima, na nyingi zinakubali kuzimwa katika mipangilio bila kuruti chochote.

Tuliketi na mama mwandishi tukaangalia ni nini kimekula simu. Ni WhatsApp. Video za kwaya, harusi za watu tusiowajua, na ule ujumbe wa "tuma kwa watu kumi", video moja imefika kutoka makundi matatu. Katika mipangilio ya WhatsApp kuna mahali pa kusimamia nafasi. Pale inaonyesha faili kubwa kwanza, na unafuta. Tukazima pia ile ya kupakua video yenyewe. Simu ikaanza kupiga picha tena siku ileile.

Kwa hiyo tunaomba komite iiache imefungwa. Picha za bordero zinakiliwe kila juma kwenye kadi ya memori inayobaki ndani ya sanduku, na wakati wa kushariji mtu mmoja abaki karibu nayo.

Vijana wanaotaka kujifunza, iko ile simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Ondoeni kwanza kadi na akaunti zote, jazeni batri, kisha mtafute namba kamili ya aina yake katika sehemu ya "kuhusu simu". Herufi moja ya mwisho ikikosea mnaweza kuweka faili ya simu nyingine, nayo isiwake tena. Atakayeshika kazi hiyo aandikishe jina kwa mama mwandishi.