LESENI YA TAALUMA NA TIBA YA MIGUU: NAMNA YA KUIOMBA NA KUIREJESHA

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa visiwa vya Ukerewe)



Katika visiwa vya Ukerewe na mwambao wote wa Ziwa Viktoria, mguu ndio chombo cha kwanza cha kazi. Mvuvi husukuma mtumbwi akiwa pekupeku, mwanika dagaa hushinda juu ya mawe, na mkulima hupalilia muhogo akiwa na kandambili. Mwiba wa gogogo, ndoana au funza huacha jeraha ambalo aghalabu halihesabiwi kuwa ugonjwa. Kwa mtu mwenye afya, jeraha hilo hupona. Kwa mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi na damu haifiki vema vidoleni, jeraha hilohilo huweza kuoza pasipo maumivu, na mwisho wake ukawa ni kukatwa mguu. Kwa sababu hiyo, suala la nani anaruhusiwa kulitibu si suala la karatasi tu.

Ziko nchi ambako tiba ya miguu ni taaluma inayojitegemea. Nchini Uingereza, mtabibu wa miguu husajiliwa na baraza la taaluma za afya, na kanuni zilizotumika huko kwa miaka mingi zimemtaka aliyekaa nje ya kazi zaidi ya miaka 2 ajinoe upya kwa siku 30, na aliyepitisha miaka 5 kwa siku 60. Hapa Tanzania kazi hiyo imefanywa na madaktari, matabibu na wauguzi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliendesha mpango wa kufundisha utunzaji wa miguu ya wenye kisukari, ambapo daktari na muuguzi wa kituo kimoja walifundishwa pamoja. Hata hivyo, mafunzo ya namna hiyo huongeza ujuzi tu. Hayachukui nafasi ya leseni.

Inafaa ieleweke kwamba usajili na leseni ni vitu viwili. Usajili ni kuandikwa kwa jina la mtaalamu katika daftari la baraza lake. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi kwa muda uliowekwa, nayo huhuishwa. Wauguzi na wakunga husimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania chini ya Sheria ya mwaka 2010, na madaktari husimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya Sheria ya mwaka 2017. Cheti cha chuo kilichotundikwa ukutani, hata kiwe cha heshima namna gani, si leseni.

Mwombaji wa mara ya kwanza huwasilisha kwa baraza lake vyeti vya elimu na taaluma pamoja na ada iliyowekwa. Yule ambaye leseni yake imekwisha muda huanza kwa kuhakikisha kwamba jina lake bado limo katika daftari, kisha huonyesha ushahidi wa mafunzo ya kujiendeleza na kulipa ada anazodaiwa. Aliyekaa nje ya kazi kwa miaka mingi ajiandae kutakiwa kufanya kazi kwanza chini ya uangalizi. Aliyefutwa kwa kosa la nidhamu hupeleka ombi la kurejeshwa kwa Baraza lenyewe. Ofisi ya Wilaya haina mamlaka ya kumrejesha. Maombi hupokelewa kwa njia ya intaneti, hivyo mkazi wa Nansio au Ukara halazimiki kusafiri hadi Dodoma.

Uchukuliwe mfano wa muuguzi aliyestaafu na kurudi kijijini. Usiku jirani anabisha hodi, kidole cha mguu kimebadilika rangi. Muuguzi huyo anajua la kufanya, na utu unamsukuma kusaidia. Kufunika jeraha kwa kitambaa safi na kumhimiza mgonjwa awahi zahanati asubuhi ni ujirani mwema. Kukata nyama iliyokufa, kutoa sindano na kupokea malipo ni kufanya kazi ya taaluma, na kwa asiye na leseni ni kosa. Mgonjwa akidhurika, hakuna baraza litakaloweza kumtetea muuguzi huyo. Wilaya inahitaji mikono yenye uzoefu kama yake. Njia iliyo wazi ni kuirejesha leseni kabla hodi hiyo haijabishwa.

Aidha, leseni ya mtu si kibali cha kufungua kituo. Sheria ya Hospitali Binafsi ya mwaka 1977 ilizuia tiba binafsi ya kibiashara, na marekebisho ya mwaka 1991 yakairuhusu tena kwa masharti. Kwa hiyo anayetaka kufungua chumba cha kutibia majeraha hana budi kukisajili chumba hicho pia. Waganga wa tiba asili nao wana baraza lao chini ya Sheria ya mwaka 2002.

Wananchi wanayo haki ya kuomba kuonyeshwa leseni, na mtaalamu wa kweli hakasiriki akiombwa. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni, na akiona jeraha asisubiri lianze kuuma. Kutoka Nansio hadi Hospitali ya Sekou Toure au Bugando jijini Mwanza ni safari ya maji ya saa kadhaa, na mguu unaooza hausubiri ratiba ya meli.

Maelezo zaidi yapatikane katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya.